Mwanafunzi Aendaye Ughaibuni Asiachwe Peke Yake Njiani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tabora

Kila mwaka, Agosti inapoelekea ukingoni na vumbi la kiangazi likiwa bado limetanda juu ya miembe, Tabora huingia katika majira ya kuagana. Vyuo vikuu vya Uturuki, Misri, Uingereza na nchi nyingine nyingi hufungua mwaka wa masomo Septemba na Oktoba, na karibu kila mtaa una kijana aliyepata nafasi. Dua husomwa baada ya swala ya Ijumaa. Jamaa huchangishana nauli. Mama hufunga karanga na chupa ya asali ya miombo, ingawa asali hiyo mara nyingi huishia mikononi mwa maafisa wa forodha. Kisha wazee humshika kijana mkono na kumwambia neno ambalo wao hulihesabu kuwa la kheri: "Usituangushe."

Ndugu msomaji, neno hilo ni zito kuliko begi lolote. Kijana hulibeba hadi katika chumba chake cha bweni, hulala nalo na kuamka nalo. Siku mambo yanapomwendea kombo, neno hilo ndilo humfunga mdomo asiseme. Makala hii inakusudia kueleza kwamba hatari kubwa ya mwanafunzi aliye ughaibuni haimo katika baridi, wala chakula, wala lugha, kwa kuwa hayo yote yana dawa. Hatari imo katika kuficha. Na kufichua shida kunaanzia nyumbani, kwa namna tunavyomwaga na namna tunavyompigia simu.

Mji wa wasafiri

Kuaga watu si jambo geni kwa Tabora, maana mji huu umezaliwa na safari. Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani waliweka makazi Kazeh, katika ardhi ya Unyanyembe, katikati ya karne ya 19. Kutoka hapo njia ziligawanyika, moja ikielekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke walipowasili Kazeh Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 tangu walipotoka pwani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Leo basi huikata njia hiyo kwa siku moja.

Waliobeba uzito wa misafara ile hasa walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na aliubeba begani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800 hadi Bagamoyo. Katika Unyamwezi wa zama hizo, kwenda pwani na kurudi kulikuwa alama ya utu uzima. Kijana ambaye hajaiona bahari alionekana bado hajakomaa. Basi wazee wetu walikwisha kuijua hali hii ya kumtoa kijana nyumbani, kumpeleka ugenini kwa muda mrefu, na kumngoja arudi akiwa mtu mwingine.

Nao waliijua vizuri kiasi cha kuiwekea utaratibu. Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyeijua njia, aliyetangulia mbele na kufuatwa na wote. Kila msafara uligawanyika katika makambi, vikundi vidogo vya watu waliopika chungu kimoja, wakala pamoja na kulala mahali pamoja. Watu wa kambi moja walikuwa ndugu wa safari, hata kama hawakuzaliwa kijiji kimoja. Na njiani palikuwa na hongo, ushuru uliolipwa kwa watawala ili msafara upite kwa amani. Zama zile hongo lilikuwa jina la malipo yanayojulikana na kukubalika. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa peke yake.

Utaratibu huo ulikuwa pia na upande wa giza. Mpagazi aliyeugua vibaya na kushindwa kwenda aliweza kuachwa kando ya njia, kwa kuwa msafara haukuweza kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Wasafiri walioandika habari za njia hii wameyataja hayo. Katika urithi wetu wa safari, kirangozi na kambi ni vya kuhifadhiwa. Desturi ya kumwacha mgonjwa njiani ndiyo tunayopaswa kuikataa kabisa, na kwa masikitiko, ndiyo tunayoirudia kwa wanafunzi wetu bila kujua.

Njia ya elimu

Baada ya njia ya pembe za ndovu na nguo kufifia, Tabora ikawa njia ya elimu. Mwishoni mwa karne ya 19 Sheikh Zahor bin Mohamed alitoka Zanzibar akaja kukaa Tabora, akawa nguzo ya Qadiriyya katika sehemu hizi za magharibi, na watu walisafiri kutoka mbali kuja kusoma na kuchukua ijaza. Kwa wanafunzi hao Tabora yetu ndiyo iliyokuwa ughaibuni. Walikula katika nyumba za wenyeji na kulala katika baraza zao.

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilifungua Shule ya Tabora, ile tuijuayo leo kwa jina la Tabora Boys. Chifu Abdallah Said Fundikira, mwana wa Unyanyembe, alitoka hapa kwenda Makerere, Uganda, kusomea kilimo, na baadaye akawa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru. Julius Nyerere alikuja shule hiyohiyo mwaka 1937 akitokea upande wa Musoma, akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha, na mwaka 1949 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikomaliza shahada yake mwaka 1952. Safari ya kijana wa siku hizo ilikuwa ya meli, na habari za nyumbani zilimfikia kwa barua.

Vijana wetu wa Kiislamu walikuwa na njia zao pia. Wako waliokwenda Al-Azhar, Cairo, chuo chenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Wako waliokwenda Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, na wengine Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo Khartoum. Kwa jirani zetu wa Uganda, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na Malaysia kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu tangu 1983. Siku hizi wengi huenda pia Uturuki, India na China kusomea uhandisi, udaktari na biashara. Njia zimekuwa nyingi, lakini kirangozi amekuwa adimu.

Miezi ya kwanza

Yafaa familia ijue kijana wake hukutana na nini, kwa sababu mzazi asiyejua huuliza maswali yasiyo na majibu.

Tuanze na swala. Aliyelelewa Tabora amezoea Magharibi kuingia karibu na saa moja jioni mwaka mzima, ikihama kwa dakika chache tu. Akifika Edinburgh mwezi Desemba, jua huzama saa tisa na dakika 40 alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya muda wa saa tatu na nusu, mara nyingi katikati ya vipindi vya masomo. Ikifika Juni, jua hilohilo huzama saa nne usiku, na Isha huwa suala linalohitaji fatwa. Hata kibla hubadilika. Hapa tunaelekea kaskazini, tukiinamia mashariki kidogo. Aliye Uingereza huelekea kusini mashariki, na aliye Malaysia huelekea upande wa magharibi. Kijana asiyeandaliwa huanza kwa kuchelewesha swala moja, kisha mbili, kisha huona haya kwenda msikitini kwa sababu amekwisha kuacha nyingi. Aliyeandaliwa hutafuta ratiba ya msikiti wa mji wake katika wiki ya kwanza, akaifuata, na akakiuliza chuo mahali pa kuswalia. Vyuo vingi vikubwa vina chumba hicho, na vina jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu.

Jambo la pili ni darasa lenyewe. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi bora ni yule anayeyarudisha maneno ya mwalimu kama alivyoyasikia. Huko aendako, kuyanukuu maneno ya mtu bila kumtaja huhesabiwa kuwa wizi wa kitaaluma, na adhabu yake yaweza kufikia kufukuzwa chuo. Huko mhadhiri hupenda kuulizwa na hata kupingwa kwa hoja. Kijana aliyefunzwa kwamba kumtazama mkubwa usoni ni utovu wa adabu hukaa kimya darasani, na mhadhiri hudhani hajui lolote. Adabu yetu ni njema na asiitupe, lakini afundishwe kabla hajaondoka kwamba swali la heshima halimvunjii mwalimu heshima.

La tatu ni hesabu ya miaka, ambayo imezua fitina katika nyumba nyingi. Anayekwenda Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya huko kwa kawaida hutumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza Kituruki. Anayekwenda nchi za Kiarabu akiwa na Kiarabu kidogo huanzia katika kituo cha lugha kabla ya kuingia kitivo. Shahada ya miaka minne inakuwa ya miaka mitano au zaidi, na hakuna aliyefeli. Nyumbani hesabu hiyo haijulikani. Mwaka wa nne ukipita jamaa huanza kunong'ona: "Mbona wenzake wa Dodoma wamemaliza?" Mnong'ono huo humfikia kijana, nao humuumiza akiwa hana kosa.

La nne ni fedha. Wahenga wamesema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Posho ya ufadhili imepimwa imtoshe mtu mmoja kwa chakula, vitabu na nauli ya basi. Tukiigeuza kwa shilingi huonekana nyingi, na hapo ndipo huanza maombi ya ada ya mdogo wake, mabati ya nyumba na mchango wa harusi. Nchi nyingi huweka mpaka wa saa ambazo mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi, na nyingine humkataza kabisa. Anayevuka mpaka huo ili atume fedha nyumbani huhatarisha viza yake na masomo yake kwa pamoja.

Na la tano ni upweke. Huu hauji siku ya kwanza. Siku za mwanzo kila kitu ni kipya, na picha hutumwa nyumbani kwa wingi. Huja baada ya mwezi wa pili au wa tatu, sherehe za mapokezi zinapokwisha na usiku unapokuwa mrefu. Sikukuu ya Idi huangukia siku ya mtihani, na kijana huivunja saumu ya mwisho ya Ramadhani peke yake jikoni, huku akitazama katika simu picha za sinia la nyumbani.

Simu iliyowekwa kwenye spika

Katika kazi yangu ya ukatibu nimeandika kumbukumbu za vikao vingi, lakini kimoja sikisahau. Mzee mmoja wa jamaa yetu alikuja mbele ya kamati baada ya Isha, akaomba kusema. Miaka mitatu nyuma Waislamu walikuwa wamemchangia mwanawe nauli ya kwenda kusoma nje. Sasa kijana mwingine aliyekuwa mji uleule alikuwa amerudi likizo, na katika mazungumzo ikabainika kwamba mtoto wa mzee huyu hakuwa chuoni kwa miaka miwili. Alishindwa mtihani wa lugha mwaka wa kwanza, ufadhili ukakatwa, akawa anaosha vyombo katika mgahawa. Kila mwezi alituma picha akiwa mbele ya lango la chuo.

Mzee hakuanza kwa kumlaumu mwanawe. Alianza kwa kusema anaona haya kwa waliochanga, na kwamba yuko tayari kuuza shamba arudishe fedha. Kimya kikatanda. Kisha mmoja wa wazee wa kamati akasema: "Sisi tulimchangia mtoto, hatukuchangia cheti. Tuulize kwanza kama mtoto ni mzima."

Alikuwa mzima, ila amekonda na ana deni la pango. Kamati ilisaidia nauli ya kurudi. Baada ya miezi kadhaa alikaa nasi, akaulizwa kwa upole kwa nini hakusema mapema. Jibu lake lilinifundisha zaidi ya vitabu vingi. Alisema mara tatu alikuwa ameazimia kusema. Kila alipopiga, simu iliwekwa kwenye spika katikati ya sebule. Alisikia sauti ya baba, ya mama, ya shangazi, ya jirani aliyepita kusalimia, na watoto wakishangilia "Injinia! Injinia!" Angeanzaje? Hakupata hata mara moja dakika tano za kusema na baba yake peke yao.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini tuwe waadilifu. Maradhi haya hayakufichwa na mgonjwa peke yake. Sebule nzima ilisaidia kuyafunika, kwa mapenzi na bila kukusudia. Kijana huyo leo anasoma chuo cha hapa nchini na anaendelea vizuri, alhamdulillah. Miaka miwili aliyopoteza katika mgahawa ingeweza kuwa miezi miwili, kama ukweli ungepata mlango wa kutokea.

Basi, mzazi mwenzangu, katika kila simu nne, moja iwe ya faragha. Toka nje, kaa chini ya mti, zima spika. Kumbuka pia tofauti ya saa: ukimpigia aliye Kuala Lumpur saa tatu usiku, kwake ni saa nane za usiku, na usingizi wake umekatika. Usianze kwa kuuliza matokeo. Muulize amekula nini na nani, ameswali Ijumaa wapi, na jambo gani lilikuwa gumu wiki hii. Swali la mwisho lina faida kubwa, maana humjulisha kwamba ugumu unatarajiwa, na kuutaja si kuwaangusha wazazi.

Kabla hajaondoka

Kuandaa safari ni sehemu ya kutawakali. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, alimwajiri Abdullahi bin Urayqit awe kiongozi wa njia, kwa kuwa aliijua jangwa, ingawa mtu huyo hakuwa Mwislamu. Alitafuta ujuzi pale ulipo. Hapo kuna funzo kwa kijana wetu asione vibaya kwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni katika chuo chake, awe wa dini yoyote. Kazi ya mtu huyo ni kuijua njia. Na walipokwenda Habasha, masahaba hawakwenda kila mmoja na lake. Walikwenda kwa pamoja, na mbele ya Najashi msemaji wao alikuwa mmoja, Jaafar bin Abi Talib. Yamepokewa pia mafundisho kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao kuwa amiri. Kirangozi na kambi, kwa maneno mengine, vilikuwa na asili katika dini yetu kabla ya kuwa desturi ya njia yetu.

Kwa vitendo, mambo haya yafanyike mapema. Chuo kichunguzwe kwanza kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kutambua shahada zilizotolewa nje. Wako waliorudi na vyeti ambavyo havikuweza kutambuliwa. Wakala anayetafuta nafasi za vyuo kwa malipo aulizwe kama amesajiliwa na Tume hiyo, na malipo yote yawe na stakabadhi. Anayedai fedha "za kuharakisha viza" anadai hongo kwa maana yake ya leo. Vyeti vya kuzaliwa na vya shule vitolewe nakala, moja ibaki nyumbani.

Kisha atafutwe kirangozi. Huyu ni mtu mmoja aliyekwisha kuishi katika mji anaokwenda kijana, anayefahamika kwa jina na namba, atakayempokea au walau kumwelekeza wiki ya kwanza. Itafutwe na kambi, yaani watu watatu au wanne atakaokula nao mara kwa mara. Aliye na watu wa kumuuliza "mbona jana hukuonekana?" hapotei kirahisi. Akifika tu, ajiandikishe katika ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo, au ule unaoisimamia.

Kwa mabinti zetu suala ni lilelile, pamoja na nyongeza moja. Wanazuoni wana maelezo na tofauti katika hukumu ya mwanamke kusafiri bila maharimu na masharti yake. Familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini mapema, kabla ya kujaza fomu, ili binti asije akavunjwa moyo siku ya safari kwa maneno ya barazani. Akikwenda, ahitaji kirangozi na kambi ya wanawake wenzake, na simu ya faragha zaidi kuliko hata kaka yake.

Haki ya msafiri

Umuhimu wa kujulikana ulipo ulidhihirika mwaka 2023. Tarehe 15 Aprili, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, vita vilizuka Khartoum. Wanafunzi wa Kitanzania, wengi wao waliokwenda kutafuta elimu ya dini na ya sekula, walijikuta mabwenini bila maji wala umeme, risasi zikisikika nje. Kabla ya mwezi huo kwisha serikali iliwaondoa Watanzania zaidi ya 200, wengi wakiwa wanafunzi, kwa mabasi hadi Ethiopia na kisha kwa ndege hadi Dar es Salaam. Mwaka huohuo wanafunzi wa udaktari kutoka Sudan walipokelewa Muhimbili kuendelea na mafunzo yao. Aliyekuwa mwenyeji jana akawa mgeni leo, na sisi tukapata fursa ya kulipa fadhila.

Tukio hilo litukumbushe haki ambayo misikiti yetu huisahau. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Tawba aya ya 60, imemtaja mpita njia, ibnu sabil, miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Mwanafunzi aliyekatikiwa na masurufu ugenini, katika safari isiyo ya maasi, anaingia katika maana hiyo hata kama nyumbani kwao kuna mali asiyoweza kuifikia. Si lazima tumuone barabarani na kifurushi begani ndipo tumhesabu kuwa msafiri. Kamati za misikiti na zifikirie kuweka fungu dogo la zaka kwa ajili hiyo, na zisingoje hadi aje mzazi akilia.

Anaporudi

Kurudi nako ni safari. Aliyefaulu hurudi na cheti, akakuta kazi hazimngoji kama alivyodhani, na mtaa unamtazamia gari mwaka wa kwanza. Amezoea kusema wazi mbele ya wakubwa, nasi tunamwona amekuwa na kiburi. Apewe muda. Wapagazi waliotoka pwani walirudi na nguo mpya, maneno mapya ya Kiswahili, na wengine na Uislamu, na ni kwa mapokezi ya watu wa bara mambo hayo yaliota mizizi hapa.

Aliyerudi bila cheti anahitaji mapokezi zaidi. Tusimuulize hadharani, wala tusimfanye mfano wa kutishia wadogo zake. Mtu huyu amejifunza lugha, ameijua njia, ameziona hila za mawakala, na anajua mahali ambapo mguu huteleza. Yeye ndiye kirangozi mzuri kuliko wote kwa kijana wa mwaka ujao, endapo hatutamfunga mdomo kwa aibu. Yule kijana wa mgahawani leo ndiye anayekaa na kila anayesafiri kutoka msikiti wetu, saa nzima, kabla ya dua kusomwa.

Kamati yetu imefungua daftari la wanafunzi walio nje: jina, mji, chuo, namba ya simu, jina la kirangozi wake, na tarehe ya mwisho aliposemeshwa kwa faragha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo tunayoitazama kwanza kila mwezi. Ikiwa tarehe imepita siku 40, mtu mmoja wa kamati humpigia. Haigharimu chochote zaidi ya kifurushi cha intaneti na subira ya kusikiliza. Misikiti mingine ya njia hii yetu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, inaweza kuanza Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.